Kanisa Lililohama Papo Hapo

Kanisa letu limekwenda juu kupita kiasi. Mgeni akilitazama kutoka barabara ya Masafu husema kwamba Wamethodisti wa huku ni watu wa maono makubwa. Mhandisi mmoja aliyekuja kwenye harusi alipiga picha mbao za paa, akaniuliza ni nani aliyefikiria habari ya hewa, kwamba joto lipande juu na waumini wabaki na ubaridi. Nilimwambia ni mama yangu. Alicheka, akidhani namtania. Mama hakuwahi kufikiria habari ya hewa hata siku moja. Alikuwa analinda kijiti.

Kwetu Usamia, kama ilivyo kwa majirani zetu wengi wa pande zote mbili za mpaka, nyumba ya mwanamume aliyeoa huchomekwa kijiti kwenye kilele cha paa. Kijiti kikiwa juu, mpita njia anajua mwenye nyumba yu hai. Siku akifa, kijiti huondolewa, na hapo hakuna haja ya kupiga mbiu. Siku hizi watu wanajenga nyumba za mabati na vigae na hawachomeki chochote zaidi ya dishi la televisheni, ila wazee bado wakipita hutazama juu kabla ya kubisha hodi.

Sasa, Umethodisti ulitufikia mgongoni mwa wachuuzi. Walivuka kutoka upande wa Kenya na mitumba na vitabu vya nyimbo katika furushi moja, wakawa wanasali katika banda la kununulia pamba. Mwenye banda alipolitaka banda lake, walimwendea baba yangu wamwombe awajengee kanisa. Baba hakuwa mjenzi wa makanisa. Alikuwa mjenzi wa nyumba za wanaume waliooa, na hiyo ndiyo ramani pekee iliyokuwa kichwani mwake. Kwa hiyo aliwauliza maswali yale yale aliyomuuliza kila mteja.

"Mwenye nyumba ni nani?"

Wakamwambia ni Mungu.

"Ameoa?"

Mhubiri wao alifikiri kidogo, akajibu kwamba kwa mujibu wa Maandiko, Kanisa ni bibi arusi.

"Basi ameoa," baba akasema, akaanza kuchimba mashimo ya nguzo.

Ndivyo tulivyopata kanisa lenye baraza la kupokelea wageni, mlango wa nyuma wa kuelekea jikoni ambako hakukuwa na jiko, na ukuta mfupi ndani uliotenga chumba cha kulala. Chini ya ukuta mmoja aliacha tundu la kuku kupitia, maana nyumba ya mtu mzima haikosi kuku. Mimbari ilisimama mahali ambapo kwa kawaida pangekaa kitanda, na labda ndiyo maana wahubiri wetu walikuwa na kipaji cha kulaza watu. Wanawake walikanda udongo na kusiriba kuta, mama yangu akiwa mbele yao. Baba alipomaliza kuezeka nyasi, alipanda juu akachomeka kijiti, maana Mwenye nyumba alikuwa hai na ushahidi ulikuwapo katika Biblia.

Miaka ilipita, nyasi zikaondolewa, mabati yakaja. Kijiti kikafungwa kwa waya juu ya mabati, kikabaki pale pale. Watu wa madhehebu mengine walitucheka. Sisi tulizoea, kama mtu anavyozoea pua yake.

Baba alipofariki, kijiti cha nyumba yetu kilitolewa kama desturi inavyotaka. Nilikuwapo. Mama hakulia kaburini kama alivyolia siku ile, akitazama paa ambalo sasa lilikuwa na kilele kitupu. Baada ya hapo nilianza kuona kwamba kila Jumapili, tukikaribia kanisa, alisimama barabarani akatazama juu kabla ya kuendelea. Nilidhani anaangalia mvua. Mimi ni mtu wa haraka. Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu forodhani pale Busia, na mtu aliyezoea kubishana na madereva wa malori hana subira ya kumuuliza mamake anatazama nini.

Kisha tukaongezeka, ikawa Jumapili nusu ya watu wanasikiliza neno la Mungu kupitia tundu la kuku. Kamati ya ujenzi ikaundwa. Mwenyekiti akawa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa suti na fimbo, ambaye bado anaongea na watu wazima kana kwamba wamechelewa paredi. Mimi nikafanywa katibu, kwa kuwa eti najua karatasi. Mchoraji wa Tororo akatuchorea jengo la matofali, na kutoka ng'ambo ya mpaka tukampata fundi, kijana mrefu mwenye kalamu sikioni.

Tatizo likawa moja. Kanisa letu halijawahi kukosa ibada ya Jumapili, na viongozi wa madarasa, yaani wa vikundi vyetu vya waumini, hawakutaka likose hata moja kwa ajili ya ujenzi. Hilo ndilo jambo letu la kujivunia, maana kwaya yetu si ya kujivunia.

"Hiyo ni simple," fundi akasema. "Tunajenga mpya inazunguka hii ya zamani. Nyinyi mnasali tu ndani. Ikiisha, tunabomoa ya ndani tunaitoa na mlango."

Tukapiga makofi. Na kweli, kuta mpya zikapanda kuizunguka ile ya udongo kama sufuria kubwa iliyofunika ndogo. Kwa muda mrefu tukasali ndani ya kanisa lililo ndani ya kanisa. Ukifungua dirisha unakutana na tofali. Ujia uliobaki kati ya kuta mbili ulikuwa mwembamba, na Jumapili moja mweka hazina wetu, ambaye Mungu amemjalia mwili, alikwama humo wakati wa wimbo wa kwanza. Tulisikia sauti yake nzito ikitoka ukutani, akiimba besi bila kukosea, hadi mafundi walipomvuta kwa nyuma. Alikuwa amechubuka kiwiko, na wimbo alikuwa ameumaliza.

Wakati wa kupandisha paa, fundi aligundua kwamba mbao za paa jipya zingegonga kile kijiti cha paa la zamani. Akaagiza kikatwe. Mama alikuwa uani akiwasongea mafundi ugali. Sijui nani alimpasha habari, ila alifika na mwiko mkononi.

"Usigusa ile mti," akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

"Mathee, ni kijiti tu."

"Ongeza matofali."

Fundi akautazama ule mwiko, akaongeza matofali. Na hiyo ndiyo siri yote ya urefu wa kanisa letu.

Mimi nilidhani mambo yameishia hapo. Jengo likakamilika kila kitu isipokuwa sakafu, na kamati ikapanga Jumamosi ya kubomoa lile la ndani. Vijana wakaja na sululu na majembe. Tulipofungua mlango tukawakuta wanawake wajane wa kanisa wameketi ndani juu ya mikeka, chai ikiwa kwenye chupa, na mama yangu katikati yao amenyoosha miguu.

Mwalimu akawauliza kwa upole wa kimwalimu, yaani kwa sauti iliyosikika hadi dukani, wanafanya nini humo.

"Nyinyi natoa ile mti ya juu," mama akasema, "nyinyi nasema Mwenye nyumba amekufa. Haya. Amekufa lini? Matanga iko wapi? Mimi chai ya matanga sijakunywa."

Vijana wakaweka majembe chini. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Vijana hao hao, wenye simu kubwa na nywele za kuchorwa, wanaosema mila ni mambo ya zamani, hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kupanda juu na kumtangaza Mungu marehemu. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa hospitalini Masafu. Mwalimu mwenyewe alipoambiwa basi apande yeye, alisema magoti yake hayaruhusu.

Nilimvuta mama kando, kwenye ule mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeghadhibika. Nilimwambia kwa Kisamia kwamba anatuaibisha, kwamba Mungu haishi wala hafi kwa kijiti, na kwamba askofu anakuja kuweka jengo wakfu na atakuta nyumba mbili zimevaana.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nyumba yangu haina kijiti tangu baba yako aondoke. Kila nikirudi kutoka shambani naona paa tupu. Hii ndiyo nyumba pekee niliyobaki nayo ambayo mwenyewe yumo. Siku yangu ikifika nataka kutolewa humu. Mkikiondoa, msinipitishe kwenye ghala lenu. Nichukueni nyumbani mnipeleke kaburini moja kwa moja."

Mama yangu hakuwa anatishia. Ni mtu wa kutimiza, na nilimwona akilini akipita mbele ya kanisa lile ndani ya jeneza bila kusimama. Hasira yote ilinitoka, nikabaki na hofu.

Tukaita mchungaji. Mchungaji wetu wakati huo alikuwa dada mmoja aliyetumwa kutoka mbali, upande wa Meru huko Kenya, ndiyo kwanza amemaliza chuo. Alikuja kwa bodaboda, kola shingoni na matope hadi magotini. Alipoelezwa chanzo cha ugomvi akatazama juu, kwenye ile nafasi kati ya mapaa mawili.

"Hicho?" akasema. "Siku zote mimi nilidhani ni antena."

Wajane wakaguna. Mchungaji akavua viatu, akaketi nao mkekani, akapewa chai. Aliuliza maswali mengi, na mengi yalikuwa ya mtu asiyejua lolote, hata mjane mmoja akaanza kumwonea huruma. Alipofika kikombe cha pili akauliza:

"Na mwenye nyumba akihama kabla hajafa, je? Kijiti kinakuwaje?"

Wajane wakaweka vikombe chini.

"Nauliza kwa sababu sisi wachungaji wa Kimethodisti tunahamishwa kila mara," akaendelea. "Leo hapa, kesho kwingine. Mimi nimeshahamishwa, na sijafa."

Wajane wakaangaliana. Jibu walilijua wote. Mtu akihama angali hai, hahesabiwi maiti: anaondoka na jogoo wake, moto wake na kijiti chake, anakwenda kukichomeka kwingine. Hata mimi nilikuwa nalijua. Tatizo ni kwamba hatujawahi kumfikiria Mungu kama mtu wa kuhama.

"Yeye natangulia," mama akasema polepole. "Bibi nafuata nyuma na moto."

"Basi mbona ni rahisi," akasema Mwalimu, akijua mambo ni rahisi sasa baada ya mwingine kuyarahisisha. "Mchungaji atangulie badala yake."

Hilo likazua vita nyingine. Mchungaji ni mwanamke. Akitangulia kama mwenye nyumba, ni mume? Akifuata kama bibi, ni mke mwenza wa wajane hawa, na yeye mdogo kuliko wajukuu wao? Mchungaji alicheka hadi chai ikampalia. Mwishowe mjane aliyekuwa kimya muda wote akasema kwamba baba yangu aliambiwa na mhubiri kuwa Kanisa ndilo bibi, na Kanisa ni wao waliosiriba kuta hizi. Kwa hiyo wao watafuata na moto, na mbele yao asitembee binadamu yeyote. Paachwe nafasi.

Ikabaki kukishusha. Fundi alikubali kupanda, kwa sharti la wajane kwamba asikiguse, maana cha mtu hushikwa na mwenyewe au na bibi yake. Afungue waya tu, kijiti kianguke chenyewe, mama akipokee kwa kanga. Akafungua waya. Kijiti hakikuanguka. Kutu ilikuwa imekishika, na miaka yote ile kilikuwa kimezoea. Tukaimba wimbo mmoja, tukaimba wa pili.

"Nikisukume kidogo tu?" fundi akaomba kutoka juu.

"Ngoja!" wakamjibu wote.

Katikati ya wimbo wa tatu kijiti kikateleza, kikaipita kanga ya mama, kikatua kwenye kipara cha Mwalimu. Alisema neno ambalo sijawahi kulisikia kanisani, kisha akasema amina.

Mwalimu huyo huyo akataka msafara uwe mfupi: ukitoka mlango wa kanisa la zamani, alisema, tayari umo ndani ya jipya, hatua moja imetosha. Wajane wakakataa. Kuhama ni kutoka, walisema, na hakuna anayehama kwa kugeuka kitandani. Kwa hiyo tukatoka nje kabisa, hadi barabarani, tulizunguke jengo tuingie kwa mlango mkubwa kama watu waliofika kutoka safari. Mbele paliachwa nafasi. Nyuma ya nafasi akaja mama na kijiti, kisha mjane mwenye makaa kwenye kigae, fundi akimfuata ubavuni na kumsihi, "Mathee, chunga huo moto, kuna thina ya rangi ndani!" Kisha Mwalimu katika suti yake, jogoo kwapani, na sisi wengine tukiimba.

Waendesha boda walisimama. Mmoja akavua kofia yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna mtu amekufa," mama akamjibu kwa nguvu. "Sisi nahama."

"Mnahamia wapi?"

"Hapa."

Kijana akalitazama kanisa, akautazama msafara, akarudisha kofia kichwani.

Tulipofika mlangoni, jogoo alichoka na kwapa la Mwalimu. Alijirusha, akapita katikati ya ile nafasi tuliyoilinda kote njiani, akaingia kanisani mbio na kupanda mimbari mpya. Akawika. Watu walicheka hadi wakashikana. Mchungaji ilibidi aegemee ukuta, na Mwalimu akawa anaeleza kila mtu kwamba jogoo alikuwa mzima tangu asubuhi.

Mama hakucheka. Alikuwa amesimama kizingitini, kijiti amekishika kwa mikono miwili, akitazama ile nafasi mbele yake. Mmoja mmoja tukageuka kumtazama.

"Tangulia," akasema kwa Kisamia, taratibu. "Sisi tunakuja."

Akangoja. Aliingoja ile nafasi ipite mlangoni jinsi alivyokuwa akimngoja baba katika miaka yake ya mwisho, mguu ulipokuwa hauendi, bila kumharakisha na bila kumshika mkono mbele ya watu. Hapo nikalia, mimi niliyesema Mungu haishi wala hafi kwa kijiti. Sikujali nani ananiona. Alipotosheka, mama akavuka kizingiti, na Kanisa zima likamfuata.

Lile la ndani lilibomolewa alasiri ile ile. Wajane wenyewe ndio walioanza, kwa majembe ya vijana. Udongo wa kuta hatukuutupa. Tuliushindilia chini kama kifusi, kisha saruji ya Tororo ikamwagwa juu yake, na ndiyo sakafu tunayoikanyaga leo. Mabati ya zamani yakawa choo. Kijiti kilichomewa mshikio wa chuma juu ya paa jipya, na tangu siku hiyo paa linavuja mahali pale. Fundi amekuja kuziba mara nyingi, na kila mara anaondoka akisema sasa basi, na kila mvua inamkanusha. Mweka hazina ameweka ndoo.

Askofu alikuja, akasifu urefu, akauliza kuhusu antena. Mchungaji akamwambia ni hadithi ndefu, Baba Askofu, tutaisimulia wakati wa chakula. Haikusimuliwa. Kulikuwa na kuku.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni Jumapili ya kwanza, kabla ya ugeni wote huo. Tulitembea na mama kutoka nyumbani. Barabarani alisimama kama kawaida yake akatazama juu, na safari hii nami nikasimama nikatazama. Tukaingia. Alichagua benchi la mbele, akalikagua kwa kiganja, akakaa. Alitazama madirisha yenye vioo, akatazama mlango mkubwa tulioingilia, akaupima kwa macho upana wake kama mtu anayepima kitu kitakachopitishwa hapo kwa kubebwa.

"Unatosha," akaniambia. "Siku yangu ikifika, mtanipitisha hapa."

Nikamwambia ndiyo, mama, tutakupitisha hapa.

"Lakini msiwe na haraka," akasema, akifungua kitabu chake cha nyimbo. "Ndiyo kwanza nimehamia."